Nasuka raketi kejani: Siku raketi mbili za mteja mmoja zilipokataa kufanana

ILIKUWA Jumamosi saa nne asubuhi kocha aliponipigia simu. Hakusalimia.

"Kijana, hizi raketi mbili ulituletea, ni wewe ulizisuka zote?"

Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Uzi wa aina moja, mkazo mmoja, kilo 25 kila moja.

"Sawa. Kuja uone kazi yako."

Nilishuka matatu Westlands nikamalizia kwa miguu. Uwanjani nilimkuta msichana wa kidato cha tatu ameketi kwenye benchi, taulo shingoni, hataki kuniangalia. Alikuwa ameshinda seti ya kwanza ya mechi ya chipukizi aliyoisubiri mwezi mzima. Katikati ya seti ya pili uzi ukakatika. Hilo ni jambo la kawaida kwenye tenisi, ndiyo maana wachezaji hubeba zaidi ya raketi moja. Akatoa ya pili kwenye begi. Mpira wa kwanza aliopiga ulitoka nje kwa mita nzima. Wa pili vilevile. Akaanza kupiga kwa woga, mipira ikawa inaishia kwenye wavu. Mechi ikaponyoka hivyo hivyo huku akiona.

Nilibonyeza nyuzi za ile raketi ya pili kwa kiganja. Zilikuwa zimelegea. Hata mtu asiyejua tenisi angehisi.

"Mimi sijali kama unakaza sana ama kidogo," kocha akaniambia. "Nikikupea mbili, nirudishie mbili zinafanana. Huyu mtoto amefanya mazoezi na raketi moja, halafu kwa mechi umempea ingine."

Akaniambia raketi za watoto wake wengine, saba kwa jumla, hatanipa tena hadi nimwonyeshe mbili zinazofanana kabla ya mashindano yaliyofuata. Nilikuwa na wiki tatu. Raketi hizo saba, ndugu msomaji, ndizo zilizokuwa zikinilipia kodi ya nyumba.

Kutoka kuokota mipira

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea diploma ya uhandisi wa mitambo, karo ikakwama, na kusema ukweli hata kichwa kilikuwa kimechoka. Nikaanza kuokota mipira kwenye viwanja vya tenisi wikendi. Hapo ndipo niligundua kwamba raketi hukatika nyuzi kila siku na watu wa kuzirudishia si wengi. Wanaoweza wana mashine za umeme za bei mbaya, na foleni yao ni ndefu.

Mzee mmoja aliyekuwa akihama aliniuzia mashine yake kwa Sh15,000. Nililipa kwa awamu tatu. Ni mashine ndogo ya kuweka mezani, haitumii stima. Ina mkono wa chuma wenye jiwe zito, kama lile la mizani. Unafunga uzi kwenye kishikio, unaachilia mkono, jiwe linashuka na kuuvuta. Ukitaka mkazo mkubwa unasogeza jiwe mbali, ukitaka mdogo unalirudisha karibu. Niliiweka kwenye meza yangu ya pekee, kando ya meko ya gesi, katika bedsita yangu Kawangware. Mathe alipokuja kunitembelea aliiangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hii ni kazi ama ni mchezo?"

Nilijifunza kwa kutazama video na kuharibu nyuzi zangu mwenyewe. Kusuka raketi kunafanana kidogo na kusuka nywele: mkono ukishazoea, unaenda. Raketi nyingi za siku hizi zina nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo. Unaanza na za wima katikati, unakwenda kushoto na kulia kwa zamu ili fremu isibanwe upande mmoja. Kisha unapitisha za mlalo, juu, chini, juu, chini, kutoka kichwani ukishuka kuelekea mpini. Raketi moja hula takriban mita 12 za uzi, kwa hivyo roli la mita 200 linatoa raketi 16 ukiwa mwangalifu. Kila uzi unavutwa na kubanwa kivyake. Hiyo ni karibu mara 35 za kufanya kitu kilekile bila kubadilisha chochote.

Hizo mara 35 ndipo nilipokuwa nalala.

Mkazo unafanya nini

Watu wengi hudhani uzi uliokazwa sana ndio unaopiga mpira kwa nguvu. Ni kinyume. Uzi uliolegea kiasi hubonyea na kuurusha mpira kama trampolini, kwa hivyo mpira unakwenda mbali zaidi. Uzi uliokazwa hubonyea kidogo, mpira haurushwi sana, na mchezaji anapata udhibiti. Ndiyo maana raketi ya pili ya yule msichana ilikuwa ikimtolea mipira nje. Mkono wake ulikuwa sawa kabisa. Nyuzi ndizo zilizokuwa zikimsaliti.

Hapa Nairobi jambo hili linaonekana haraka. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira haukutani na upinzani mwingi angani. Ukipiga mpira Nairobi kwa nguvu zilezile ulizotumia Mombasa, hapa unakwenda mbali zaidi. Kuna wachezaji wanaoniambia niongeze kilo moja wakitoka Pwani, na wanaoniambia nipunguze wakishuka.

Je, kuna mkazo ulio sahihi kwa kila mtu? Hakuna. Björn Borg wa Uswidi, aliyeshinda Wimbledon mara tano mfululizo kati ya 1976 na 1980, alikuwa akicheza na raketi ya mbao iliyokazwa hadi karibu ratili 80, yaani kilo 36. Adrian Mannarino wa Ufaransa anajulikana kwa kwenda upande mwingine kabisa: mkazo wake ni karibu nusu ya wa wenzake. Wote wawili wamepata riziki yao kwenye tenisi. Nambari inaweza kuwa yoyote ile, mradi mchezaji akiishika raketi leo aikute ilivyokuwa jana.

Na watoto wanaotaka riziki hiyo wapo. Mwaka 2022 Angella Okutoyi alishinda taji la wasichana wawili wawili kule Wimbledon akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam. Huyu msichana wa kocha ana picha yake kwenye simu. Kwa hivyo usiniambie ni mchezo tu.

Nilichokikuta

Nilianza uchunguzi kwa kujitetea. Nikalaumu uzi. Nikalaumu jua. Usiku wa tatu nikakaa chini na kuandika kila nilichofanya kwa zile raketi mbili, na hapo aibu ikaanza.

Kosa la kwanza lilikuwa la siku. Raketi iliyokatika niliisuka Alhamisi, siku mbili kabla ya mechi. Ile nyingine niliisuka wiki mbili na nusu nyuma, ikakaa kwenye begi. Uzi ulikuwa wa poliesta, ule mgumu ambao vijana wengi wanaupenda tangu Gustavo Kuerten wa Brazil aushangaze ulimwengu nao alipotwaa French Open mwaka 1997. Poliesta ina sifa moja mbaya: hupoteza mkazo haraka, sehemu kubwa ikitoka katika saa 24 za kwanza, na huendelea kulegea hata raketi ikiwa imelala bila kuguswa. Kwa hivyo hata kama ningezisuka kwa ufundi uleule, siku ya mechi zisingekuwa sawa.

Kosa la pili lilikuwa la mkono wa mashine. Hapa ndipo somo nililolikimbia chuoni liliponifuata hadi nyumbani. Jiwe huvuta kwa nguvu kamili pale tu mkono unapokuwa umelala sawa na meza. Ukiinama au ukibaki juu, mkazo unapungua. Ukikosea kwa digrii 10 unapoteza kama asilimia moja na nusu, si neno. Ukikosea kwa digrii 20 unapoteza asilimia sita. Kwa raketi ya kilo 25, hiyo ni kilo moja na nusu. Ile raketi ya zamani niliisuka usiku, mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza ikiendelea kwenye simu, mkono wa mashine ukisimama popote ulipotaka. Nakumbuka vizuri sana, Arsenal walikuwa wakicheza.

Kosa la tatu lilikuwa la vibanio. Baada ya kuvuta uzi unaubana ili usirudi nyuma unapovuta unaofuata. Vibanio vyangu vilikuwa na utando wa nta na vumbi kutoka kwa nyuzi za miezi mingi. Nilichukua kalamu, nikaweka alama kwenye uzi pale kibanio kilipoushika, nikaachilia jiwe. Alama ikasogea. Uzi ulikuwa ukiteleza polepole kila mara, na mimi nilikuwa naufunga hivyo hivyo.

Kosa la nne ndilo lililonikosesha usingizi. Nilienda Gikomba nikanunua mizani ya kuning'iniza, ile wanayotumia watu wa skrepa. Nikafunga kipande cha uzi, upande mmoja kwenye mizani, upande mwingine kwenye kishikio cha mashine, nikaweka jiwe kwenye alama ya 25 na kuliachilia. Mizani ikasoma 23 na nusu. Nikadhani mizani ni mbovu. Nikapima pakiti za unga za kilo mbili, nikaongeza moja moja hadi kumi na mbili, nimezikopa kwa duka la jirani huku akinicheka. Mizani ilikuwa sawa. Mashine ndiyo iliyokuwa ikidanganya tangu siku niliyoinunua.

Fikiria hilo. Miezi yote hiyo nilikuwa namwandikia kila mteja kilo 25 na kumpa 23 na nusu, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Walikuwa wamezoea. Mashine ikidanganya kwa kiasi kilekile kila siku, mchezaji hajui. Alilalamika siku niliyobadilika mimi.

Nirekebishe au ninyamaze?

Hapo kulikuwa na mtego. Ningeirekebisha mashine isome 25 ya kweli, raketi za wateja wote zingekazika ghafla na wote wangepiga simu. Ningenyamaza, ningeendelea kuwauzia nambari ya uongo.

Nilimpigia kocha nikamweleza yote. Mambo ya mechi kwenye simu nilitaka kuyaruka, lakini nikayasema pia. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

"Kwa hivyo mtoto amekuwa akicheza na 23 na nusu?"

"Ndiyo, coach."

"Na anaipenda?"

"Ile ya Alhamisi aliipenda."

"Basi mpatie hiyo hiyo. Lakini uandike ukweli."

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nikachora alama mpya kwenye mkono wa mashine kwa rangi ya kucha, kila alama nikiipima kwa mizani ya skrepa. Kwenye daftari nikafuta 25 nikaandika 23.5. Wateja wengine niliwaambia mmoja mmoja. Wawili walikasirika, mmoja akaenda zake. Waliobaki walisema tu endelea vilevile.

Utaratibu wangu sasa

Sikununua mashine mpya. Nilichobadilisha ni mazoea, na gharama yake yote haikufika Sh2,000.

Vibanio navisafisha kwa spiriti na mswaki mzee kila baada ya raketi tano. Mashine naipima kwa mizani kila Jumatatu, na pia kila inapohamishwa mezani.

Kila uzi ukivutwa, nahesabu hadi tano kabla ya kubana. Uzi unaendelea kunyooka hata baada ya kuvutwa, na jiwe linaendelea kushuka nao. Ukibana upesi huu na kuchelewa ule, tayari umepata mikazo miwili kwenye raketi moja. Mkono ukishuka kupita usawa wa meza, narudisha na kuvuta upya. Si kazi ngumu, ni ya kuchosha tu.

Nyuzi za mlalo nazinyoosha kwa vidole kabla ya kuvuta, maana zinasuguana na za wima na msuguano huo hula sehemu ya mkazo. Uzi wa mwisho kabla ya fundo naongeza kilo moja, kwa sababu fundo likikaa lazima lirudishe kidogo. Kilo moja, kila mara, kila raketi.

Simu inakaa juu ya kabati. Nikianza raketi, nainua mkono wa mwisho nikiwa nimekaa pale pale. Mtu akibisha mlango atasubiri. Ukiacha raketi nusu ukaenda kula, nyuzi za wima zinaendelea kulegea huku fremu ikiwa imebanwa vibaya.

Halafu kuna daftari. Tarehe, fremu, aina ya uzi, mkazo, hali ya hewa. Nikimaliza nagonga nyuzi kwa mpini wa bisibisi karibu na simu, na programu inaniambia sauti yake ni hesi ngapi. Sauti ikiwa juu, mkazo uko juu, kama gitaa. Nambari hiyo haina maana ukilinganisha raketi za aina tofauti, lakini kwa raketi mbili za aina moja zenye uzi mmoja, haidanganyi. Napima tena baada ya siku moja kabla ya kumpa mwenyewe.

Na raketi za mchezaji mmoja nazisuka siku moja, moja baada ya nyingine, kutoka roli moja. Akikata moja, namshauri tukate na ile nyingine tuanze upya ikiwa ana mechi kubwa. Mara nyingi mzazi ananuna. Nikimweleza kuhusu poliesta, ananuna kidogo tu.

Kama wewe ndiye mwenye raketi

Usiiache kwenye buti ya gari linalochomwa na jua la saa nane. Joto hulegeza nyuzi.

Ukienda kwa fundi, usiseme tu "kaza vizuri". Mwambie nambari, mwambie aina ya uzi, na umuulize alikusukia lini mara ya mwisho. Akishindwa kujibu, andika wewe. Kipande cha karatasi kwenye begi kinatosha.

Usingoje uzi ukatike. Kuna kanuni ya zamani miongoni mwa wachezaji: mara unazocheza kwa wiki, ndizo mara za kusuka upya kwa mwaka. Ukicheza mara tatu kwa wiki, suka mara tatu kwa mwaka. Kwa poliesta hiyo ni kiwango cha chini, kwa sababu uzi huo hufa kabla haujakatika.

Na kama ni mtoto mdogo, au kiwiko chako kinauma, achana na poliesta. Nailoni laini ni nafuu na haiutesi mkono.

Raketi mbili

Siku mbili kabla ya wiki tatu kwisha nilipeleka raketi mbili uwanjani. Nilizisuka Jumatano, nikazipima Alhamisi, tofauti ya sauti ilikuwa hesi mbili. Kocha hakutaka kusikia habari za hesi. Alizifunga plasta mpini zote mbili ili zisitambulike, akampa yule msichana, akamwambia apige mipira ishirini na kila moja kisha amwambie ipi ni ipi.

Alipiga. Akabadilisha. Akapiga tena. Akasimama akizigeuza mikononi, akamwangalia kocha, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi akaniangalia mimi.

"Sijui," akasema. "Ni kitu moja."

Kocha aliingia kwenye gari lake akatoka na begi. Ndani mlikuwa na raketi nne.

"Zile tatu zingine utapata hizi zikirudi," akasema.

Kwenye mashindano yaliyofuata msichana alikata uzi tena, safari hii seti ya tatu, mabao yakiwa 4-4. Nilikuwa nimesimama nyuma ya waya, tumbo limenikaza. Akaenda kwa begi, akachukua ya pili, akarudi mstarini bila hata kuigonga nyuzi kwa kiganja. Sevu yake ya kwanza ilitua ndani. Mechi alikuja kuipoteza 6-4, yule mwingine alikuwa mkali kweli. Akitoka alinipa ile iliyokatika.

"Vilevile," akaniambia.

Niliifungua jioni hiyo, simu ikiwa juu ya kabati.